Gundi Haishiki Ngozi Iliyolowa

Mgonjwa aliyetolewa kipande cha utumbo nje ya tumbo huonywa mengi kabla ya kuruhusiwa kwenda nyumbani: chakula, kubeba mizigo, harufu. Kuwashwa hutajwa mwishoni, kama kutatajwa. Akishafika kwake Yatta au Masinga, hapa Machakos, jua la Februari likikolea, kinachomnyima usingizi si kovu wala mfuko wenyewe wa kukusanyia choo. Ni ngozi iliyo chini ya gundi, ambayo hawezi kuikuna bila kubandua kitu kilichomgharimu mamia ya shilingi.

Mshukiwa wa kwanza huwa ni aleji. “Mwili wangu umekataa plastiki,” mtu husema, na jirani huafiki kwa sababu maelezo hayo hayamlaumu yeyote. Aleji ya gundi ipo, ila si ya wengi, na haijifichi: wekundu hufuata umbo la kibandiko kinachoshika mfuko ukingo kwa ukingo, kana kwamba umechorwa kwa rula. Anayeishuku anaweza kubandika kipande kidogo upande wa pili wa tumbo, angoje siku moja au mbili, kisha atazame. Wengi wakifanya hivyo hawaoni kitu, nao hulazimika kumtafuta mshukiwa mwingine.

Mshukiwa huyo mara nyingi ni tundu la kibandiko. Stoma, yaani mdomo huo wa utumbo uliotolewa nje, huvimba kutokana na upasuaji, kisha husinyaa kwa muda wa wiki sita hadi nane. Anayeendelea kukata tundu kwa kipimo alichopewa wodini huacha pete ya ngozi wazi kuizunguka, na pete hiyo huoga uchafu mchana na usiku. Mwenye kolostomi, yaani stoma ya utumbo mpana, ambaye choo chake kimeshikamana kiasi, anaweza kukaa hivyo muda kabla ya kuumia. Mwenye ileostomi, ile ya utumbo mwembamba, hana bahati hiyo. Majimaji yake hutoka na vimeng’enya vyake vyote, na vimeng’enya havijui kutofautisha nyama ya mbuzi na nyama ya mwenye tumbo.

Waganga walichelewa kulielewa hili. Hadi miaka ya 1950 wagonjwa wengi wa ileostomi waliishi na vidonda. Mwaka 1952 daktari Bryan Brooke wa Birmingham alieleza njia ya kuupindua mwisho wa utumbo utokeze kama mdomo wa birika, ili majimaji yaangukie mfukoni badala ya kutambaa tumboni. Miaka hiyo hiyo, huko Cleveland, Marekani, daktari Rupert Turnbull aligundua kwamba utomvu wa mti wa karaya hushika hata ngozi yenye unyevu na kuikinga. Mwaka 1954 muuguzi wa Denmark, Elise Sørensen, alibuni mfuko wa kubandika kwa ajili ya dada yake Thora, aliyekuwa haendi tena mbele za watu. Upasuaji wenyewe ulikuwa umejulikana zamani. Kilichobaki kutatuliwa kilikuwa ngozi.

Kwa Machakos, tatizo hilo halijamalizika, maana hapa linaingiliana na bei. Kibandiko cha kawaida huhitaji kubadilishwa baada ya siku tatu au nne, wengine hufika wiki. Asiye na hela hukivuta hadi siku ya nane, ya kumi, akizungusha plasta pembeni pale kinapoanza kuachia. Plasta huzuia uchafu usionekane, lakini haizuii usiingie, inaufungia ndani. Ngozi inachubuka na kutoa maji. Gundi haishiki ngozi iliyolowa, kwa hiyo kibandiko kipya kinavuja siku hiyo hiyo, na cha pili nacho kesho yake. Aliyetaka kuokoa mfuko mmoja ametumia mitatu, na muwasho bado upo. Kundi la wagonjwa la Stoma World Kenya limekuwa likidai mifuko ipatikane kwa bei ambayo mtu wa kawaida ataimudu, na wanaoliona dai hilo kuwa la starehe wangefaa kupiga hesabu hii.

Walioshindwa kabisa kununua hujifunga mfuko wa nailoni kwa kitambaa, njia ambayo hulowesha eneo zima. Hata mfuko huo haukusalimika: tarehe 28 Agosti 2017 Kenya ilipiga marufuku mifuko ya kubebea ya plastiki, kwa faini ya hadi shilingi milioni nne. Uliobaki ni mfuko wa mkate, uliosamehewa kwa kuwa unafungashwa kiwandani. Sidhani kama kuna aliyekuwa akiwafikiria wenye stoma, wakati wa kukataza au wa kusamehe.

Muwasho ukizidi, mkono huenda kwenye kilicho karibu, na kilicho karibu katika nyumba nyingi ni Arimis. Jeli hiyo ilitengenezwa kwa chuchu za ng’ombe na imewafaa binadamu wengi, lakini chini ya kibandiko ni balaa: mafuta na gundi havikai pamoja. Vaseline ni vivyo hivyo. Spiriti hukausha na kuchoma. Sabuni yenye manukato huacha utando, hasa kwa wanaooga maji ya kisima yenye chumvi, ambayo sehemu nyingi za Ukambani huyajua vizuri, kwa kuwa sabuni hukataa kutoa povu na kukataa kuoshwa. Maji ya uvuguvugu matupu yanatosha. Ngozi ikaushwe kwa kuigusagusa na kitambaa, na ikiwa inatoa maji, inyunyiziwe poda ya stoma kisha iliyozidi ipanguswe kabla ya kubandika. Poda ya mtoto haifanyi kazi hiyo.

Kuna muwasho usiotokana na kuvuja. Vipele vidogo vyenye usaha, kila kimoja kwenye shina la unywele, huletwa na wembe. Nywele zipunguzwe kwa mkasi au mashine. Wekundu wenye vidoa vilivyotawanyika nje ya ukingo wake, unaowasha kupita kiasi wakati wa joto au baada ya dozi ya antibiotiki, huenda ni fangasi, na wenye kisukari hupatwa zaidi. Hapo dawa iwe ya poda, kwa sababu krimu itaifukuza gundi. Kidonda kinachokua, damu isiyokoma au stoma inayogeuka nyeusi si mambo ya kushughulikia nyumbani. Ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo.

Anayekwenda kliniki, iwe hospitali ya Machakos Level 5 au ya Kenyatta jijini Nairobi, kilomita zipatazo 65 mbele, asiende mikono mitupu. Kibandiko alichokitoa mara ya mwisho kina taarifa ambayo yeye mwenyewe hawezi kuieleza: upande wake wa gundi huonyesha njia uliyopitia uchafu, pale ilipolainika na kubadilika rangi, na pale tumbo linapojikunja mtu akiketi. Akikunje katika gazeti akibebe. Muuguzi aliyeizoea kazi hii atakigeuza kwanza, ndipo amwambie apandishe shati.