Lola Hakuachwa

Habari ya kijana wa nyumba kubwa kuoa mwanamke ambaye wazazi hawamtaki si ngeni kwetu. Huenda hujui kwamba kisa kama hicho kilipigwa picha hapahapa Sydney, karibu miaka mia moja iliyopita.

Sinema hiyo, Those Who Love, ni ya mwaka 1926, zama za filamu zisizo na sauti. Waliitengeneza dada watatu, mabinti wa daktari. Paulette McDonagh aliandika kisa na kukiongoza, akisaidiana na P. J. Ramster. Phyllis alishughulikia mandhari na matangazo. Isabel aliigiza, akijiita Marie Lorraine. Nyumba yao wenyewe, Drummoyne House, ikawa studio.

Barry, mtoto wa tajiri, anampenda mcheza dansi, lakini baba yake anauvunja uhusiano huo. Kijana anahama nyumbani, anakuwa kuli bandarini, na huko anamwoa Lola, mwanamke asiye na mali. Lola anapogundua mumewe ni mtoto wa nani, anajiona yeye ndiye kizuizi kati yake na wazazi wake. Anaondoka. Inasimuliwa kwamba Gavana wa New South Wales, Sir Dudley de Chair, alitokwa na machozi alipoitazama.

Tulipokizungumzia kisa hiki chamani, ubishi ulizuka juu ya kitenzi kimoja. Kwa Kiswahili mume huoa, mke huolewa. Mume huacha, mke huachwa. Sasa Lola tuseme nini? Kuachwa, hakuachwa. Mmoja wetu akasema, "Amerudi kwao." Dada mmoja akamjibu, "Kwao wapi? Angekuwa na kwao, angejiona mzigo?" Tukanyamaza. Wengi wetu hapa tuko mbali na kwetu, na mkaza mwana asiye na ndugu karibu hana wa kumtetea wakwe wanapomkunjia uso.

Mwishowe tulikubaliana na neno "amejitoa". Lakini bado linanikera, kwa sababu linafanya kosa la wakwe lionekane hiari ya mke.

Dada hao walitoa filamu nyingine tatu za hadithi, ya mwisho mwaka 1933. Ya Those Who Love imesalia sehemu tu. Mke na mume wanapatana mwishoni, lakini swali letu halijajibiwa. Wewe ungetumia kitenzi gani? Njoo nacho kikao kijacho.