KUVU YA MAHINDI: SUMU INATOKA WAPI?



Kila mwaka mvua ikiisha, mwezi wa nne na wa tano, mahindi mapya inaingia Lubumbashi. Mara ingine ndani ya mfuko munakuwa mbegu zenye vumbi ya kijani. Watu wanasema: «Haina neno, tutapangusa, tutasaga, moto utamaliza.» Tuone kama ni kweli.

Ile vumbi ni kuvu, jina lake Aspergillus flavus. Kuvu haiko sawa muti, haiwezi kujifanyia chakula kwa nguvu ya jua. Inatoa enzimu zinazovunja wanga ya mahindi kuwa sukari, kisha inakula ile sukari. Ndani yake sukari inakatwa tena, mpaka vipande vidogo vya kaboni mbili. Kwanza vipande vile vinatumika kwa kupata nguvu na kuota: ndiyo kazi ya kwanza. Lakini kuota kukipunguka, na sukari ingali, vipande vinashika njia ya pili. Vinaungana kimoja kwa kingine, na mwisho inatoka sumu: aflatoksini.

Kwa hiyo kuvu mingi na sumu mingi si jambo moja. Kwa joto la digri 37 kuvu inaota vizuri lakini inafanya sumu kidogo. Karibu na digri 30 sumu inazidi. Jicho haliwezi kuipima.

Na moto je? Lubumbashi iko juu, mita karibu 1200, maji inachemka mbele ya kufika digri 100. Aflatoksini inavumilia zaidi ya 200. Basi kupika bukari kunaua kuvu, sumu inabaki katika sahani.

Si hadisi. Mwaka 1960, kule Uingereza, batamzinga zaidi ya 100 000 walikufa juu ya chakula cha karanga chenye sumu hii. Mwaka 2004, Kenya, upande wa Makueni na Kitui, watu 317 waligonjwa kwa mahindi, 125 wakafa. Sumu inapiga ini. Hata kidogo kidogo, miaka mingi, inaleta kansa ya ini, zaidi kwa mwenye virusi ya hepatiti B.

Tufanye nini? Kuvu inahitaji maji, tuinyime. Tukaushe mahindi na karanga juu ya hema, si juu ya udongo. Mifuko ikae juu ya mbao, mbali na ukuta. Kwa kupima: tia mahindi na chumvi kavu ndani ya chupa kavu, funga, tikisa dakika chache, acha itulie. Chumvi ikishikamana na chupa, mahindi ingali na maji. Karanga zilizoharibika, zilizonyauka ao chungu, tuzitoe moja moja, juu sumu mara mingi inakaa katika mbegu chache tu.

Na zile mbaya tusipe kuku wala kuzitengeneza pombe. Katika Walawi 14, mawe ya nyumba yenye pigo la kijani yalitupwa inje ya mji, hawakumpa jirani.