Kinanda Kimenyamaza: Tufuate Mfereji wa Sauti

Leo napenda kusema nanyi juu ya kinanda cha umeme na amplifaya, yaani chombo kile kikuzacho sauti ya kinanda hata isikike na mkutano mzima. Mara nyingi vyombo hivi hunyamaza siku ya arusi au ibada, kwaya imekwisha simama. Mafundi si wengi vijijini, na safari ya Arusha ni ndefu. Lakini aghalabu kosa ni dogo, na mtu mwenye saburi aweza kuliona mwenyewe.

Katika Digodigo na vijiji vingine vya Wabatemi, waitwao pia Wasonjo, mashamba hunyweshwa kwa mifereji tangu zamani za mababu. Maji yasipofika shambani, mwenye shamba haanzi kufukua udongo wake. Huufuata mfereji toka juu hata aone palipozibika. Basi, sauti nayo ina mfereji. Umeme huingia katika kinanda. Kinanda hutoa mkondo mdogo, nao hupita katika waya. Amplifaya huutia nguvu. Na spika huugeuza kuwa sauti. Tuufuate hatua kwa hatua.

Kwanza, umeme. Je, taa ya kinanda yawaka? Kama haiwaki, jaribu kitu kingine katika soketi ile ile. Soketi ikiwa nzima, tazama adapta. Adapta nyingine hutoa volti 9, nyingine 12. Tena katika nyingine ncha chanya imo ndani ya plagi, katika nyingine iko nje. Kwa hiyo plagi yaweza kuingia sawasawa, na hata hivyo ikakiua kinanda. Soma maandishi yaliyo nyuma ya kinanda kabla ya kuazima adapta ya jirani.

Pili, taa yawaka lakini sauti hapana. Chomeka hedfoni. Ukisikia muziki, kinanda ni kizima, na kosa liko mbele yake. Kisha uzichomoe, maana katika vinanda vingi spika za ndani hunyamaza hedfoni zikiwamo. Halafu badili waya uendao kwa amplifaya, kwani waya hukunjwa na kukanyagwa, hukatika ndani bila kuonekana nje. Ukibadili, badili kitu kimoja tu kwa mara moja. Ukibadili vitatu pamoja hutajua kilichoponya.

Tatu, makelele. Mngurumo mzito usiokoma mara nyingi hupungua kinanda na amplifaya vikipata umeme katika ekstensheni moja, na waya za sauti zikitengwa na waya za umeme. Mikwaruzo isikikayo unapozungusha kitufe cha sauti kwa kawaida ni vumbi. Nacho kinanda kisipopatana na gita, huenda mtu amegusa kitufe kihamishacho sauti juu au chini. Kirudishe katika sifuri.

Sasa sikilizeni sana, maana hapa pana hatari ya mauti. Fyuzi ikikatika, weka nyingine ya ampea zile zile. Usiweke kipande cha waya wala karatasi ya sigara, maana kazi ya fyuzi ni kukatika kabla nyumba haijawaka moto. Ikikatika tena, acha. Usikate waya wa ardhi kwa sababu ya mngurumo. Ndio umlindao mpigaji. Wala usifungue amplifaya: ndani yake umeme huweza kukaa hata baada ya kuchomoa plagi, nao huua. Kazi hiyo ni ya fundi.

Mwisho, mkitumia jenereta, ngojeni itulie kwanza. Washeni kinanda, kisha amplifaya, sauti ikiwa chini. Mkizima, anzeni na amplifaya. Hivyo spika hazitapigwa na kishindo.

Asiyeharakisha huona pale mfereji ulipozibika, na fedha ya kwaya hubaki sandukuni. Kwaherini.