Kabla ya kumkabidhi mpangaji ufunguo, mchunguze kwanza

WAKENYA wengi wanapopokea malipo ya uzeeni au mkopo wa chama cha akiba, wazo la kwanza huwa ni kujenga nyumba za kupangisha. Huamini kuwa mawe yakishasimama, kodi itaingia yenyewe kila mwezi.

Hata hivyo, wapo waliogundua wakiwa wamechelewa kwamba kujenga ndiyo kazi nyepesi. Kazi ngumu ni kumpata mpangaji mwema na kudumu naye.

Kwanza, hakikisha msingi wa mali yako ni halali. Kabla ya kununua ploti, fanya upekuzi wa hatimiliki katika afisi ya usajili wa ardhi, au kupitia mfumo wa Ardhisasa uliozinduliwa Aprili 2021 ukianzia Nairobi. Pata idhini ya kaunti kwa ramani zako, na usajili mradi kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi (NCA).

Masharti haya si usumbufu mtupu. Aprili 29, 2016, jengo la makazi liliporomoka mtaani Huruma, Nairobi, wakati wa mvua kubwa na kuua makumi ya wapangaji.

Pili, piga hesabu bila kujidanganya. Chukua mfano wa ploti yenye vyumba vinane vinavyolipiwa Sh6,000 kila kimoja. Vyote vikijaa, utapokea Sh48,000 kwa mwezi.

Ushuru wa mapato ya kodi za makazi hutozwa anayepata kati ya Sh288,000 na Sh15 milioni kwa mwaka. Kiwango chake kilishushwa kutoka asilimia 10 hadi 7.5 kuanzia Januari 2024. Hutozwa kwa mapato ghafi, bila kuondoa gharama, na hulipwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Katika mfano wetu ni Sh3,600.

Ikiwa mkopo wako unadai Sh30,000 kila mwezi, utabaki na Sh14,400 za kumlipa msimamizi, maji, taka na ukarabati. Wapangaji wawili wakikosa kulipa, Sh12,000 kati ya hizo zimetoweka. Hapo ndipo umuhimu wa kumchunguza mpangaji unapodhihirika.

Anayekuja kuomba nyumba mwombe kitambulisho na nambari ya simu ya jamaa wa karibu. Muulize kazi anayofanya na kwa nini anahama alikokuwa. Mwajiriwa anaweza kuonyesha hati ya mshahara, naye mfanyabiashara wa jua kali taarifa ya miezi kadhaa ya pesa zinazopita katika simu yake. Kipimo kinachotumiwa na wengi ni kwamba kodi isizidi theluthi moja ya mapato.

Aidha, mpigie simu aliyekuwa akimpangisha, lakini kwa tahadhari. Mwenye nyumba wa sasa anaweza kumsifu mpangaji msumbufu ili aondokewe na mzigo. Yule aliyetangulia hana cha kupoteza, na mara nyingi ndiye atakayekuambia ukweli.

Ikumbukwe kuwa uchunguzi si ubaguzi. Kifungu cha 27 cha Katiba ya 2010 kinamkataza mtu yeyote kumbagua mwenzake kwa misingi ya kabila, dini, jinsia, ulemavu au hali ya ndoa. Kumkataa mama asiye na mume aliye na uwezo wa kulipa ni kumdhulumu yeye, na ni kujinyima mpangaji. Nakala za vitambulisho nazo zihifadhiwe kwa siri, kwa mujibu wa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019.

Ukisharidhika, andikeni mkataba. Utaje kiasi cha kodi, tarehe ya kulipa, amana na masharti ya kuirejesha, muda wa notisi, na nani atagharamia ukarabati. Kagueni nyumba pamoja, mpige picha za kuta, milango na vioo siku ya kuingia. Picha hizo zitamaliza ubishi siku ya kuhama.

Usiitegemee amana kupita kiasi. Mpangaji asipolipa miezi mitatu, kisha chumba kikae mwezi mmoja kikirekebishwa, umepoteza Sh24,000. Amana ya mwezi mmoja itafidia robo tu.

Na mzozo ukizuka, usijichukulie sheria mkononi. Kung'oa milango, kuezua mabati au kukata maji ili mpangaji atoroke kunaweza kukufanya wewe uliyekuwa ukidai uwe mshtakiwa. Nyumba za makazi zenye kodi isiyozidi Sh2,500 kwa mwezi zinalindwa na Sheria ya Udhibiti wa Kodi, Sura ya 296, na mizozo yake huamuliwa na jopo maalumu. Nyinginezo hupelekwa mahakamani. Kuzuilia mali kwa sababu ya malimbikizo ya kodi nako hufanywa na dalali mwenye leseni, si na vijana wa mtaani.

Mara nyingi, hata hivyo, mazungumzo ya mapema hutosha. Mpangaji wa miaka mitano aliyefutwa kazi na akaja kukueleza mwenyewe si sawa na anayezima simu kila tarehe tano. Wa kwanza anaweza kuandikiwa mpango wa kulipa kidogo kidogo.

Vivyo hivyo, fikiri mara mbili kabla ya kumpandishia kodi anayelipa kwa wakati kwa kuwa mgeni ameahidi Sh500 zaidi. Chumba kikikaa wazi mwezi mmoja tu, nyongeza hiyo itachukua mwaka mzima kurudisha Sh6,000 ulizopoteza. Wahenga walionya: usiache mbachao kwa msala upitao.