UZI: Vita viliisha, aliyeleta baruti hakulipwa

1/ Kila kampeni tunaahidiwa wazabuni watalipwa. Baada ya kura tunaambiwa, "ngojeni kwanza tuhakiki." Mtu ameleta mzigo, mnahakiki nini tena? Twende Marekani, 1776.

2/ Wamarekani wanapigana na Uingereza, baruti hakuna. Mfaransa Beaumarchais, mwandishi wa tamthilia, akafungua kampuni. Ufaransa na Uhispania zikampa mtaji kichinichini, livre milioni moja kila moja. Akatuma mizinga, bunduki, mahema na nguo. Mzigo huo ulichangia ushindi wa Saratoga, 1777.

3/ Kulipa sasa. Arthur Lee, mjumbe wa Marekani huko Ulaya, alikuwa ameshaambia Bunge lao kwamba ule mzigo ni zawadi ya mfalme. Silas Deane, aliyeuagiza, akaitwa nyumbani kujieleza, na vitabu vya hesabu akaviacha Paris. Biashara ilikuwa ya siri, kwa hivyo karatasi zilikuwa chache.

4/ 1793, waziri wa fedha Alexander Hamilton akapiga hesabu: jamaa anadai milioni 2.28. Lakini kukazuka mabishano kuhusu ile milioni ya mfalme. Ikatwe ama isikatwe? Beaumarchais akafa 1799 akingoja. Warithi wake walipewa faranga 800,000 mwaka wa 1835. Chukueni hizo ama mkose zote.

5/ Tuwe wakweli, kila upande ulikuwa na hoja. Serikali haifai kulipa mzigo ambao tayari umelipiwa. Lakini pia mzigo uliupokea na ukautumia. Kuhakiki si kosa. Kuhakiki bila tarehe ya mwisho ni kukataa kulipa kwa lugha ya adabu.

6/ Turudi nyumbani. Sheria yetu ya ununuzi wa umma ya 2015 inampa mzabuni riba akicheleweshewa. Sawa. Lakini hata ukishinda kesi, kunadi mali ya serikali si rahisi. Na yule mama aliyechukua mkopo kwa kutegemea LPO? Shamba lake linanadiwa bila shida.

7/ Kwa hivyo mwanasiasa yeyote akisema "tutalipa," muulize: nani anahakiki? Atamaliza lini? Orodha itawekwa wazi? Deni la zamani litalipwa kwanza, ama la mwenye kujuana na wakubwa?

Dawa ya deni ni kulipa. Na kulipa mtu akiwa hai.