Kuipima Injini ya Gari Kabla ya Kulinunua

Mtu anunuapo ng'ombe mnadani humfungua kinywa akamtazama meno, humshika ngozi ya mbavu, kisha humtembeza hatua kadhaa kabla ya kutaja bei. Wafugaji wa Handeni hawahitaji kufundishwa jambo hilo. Lakini watu hao hao waendapo Korogwe kutazama gari la kazi lililokwisha tumika, mara nyingi hulizunguka mara mbili, hulipiga tairi teke, huisikiliza injini ikinguruma, kisha hutoa fedha. Gari nalo lina meno yake. Katika makala haya nitajaribu kueleza meno hayo yako wapi, na kwamba fizikia ifundishwayo katika shule zetu za sekondari yatosha kuyasoma.

Sina budi kuanza kwa kukiri kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita kikundi cha wakulima katika kijiji kimoja cha Handeni, ambacho shemeji yangu ni mweka hazina wake, kiliuza mahindi ya misimu miwili ili kupata Land Cruiser. Gari hilo lingefikisha mazao kwenye barabara kuu, na wakati wa masika lingewapeleka wagonjwa na wajawazito hospitali, maana njia ya kijiji hicho haipitiki kwa gari dogo. Shemeji aliniita akisema, "Shemeji, wewe umekwenda ng'ambo kusomea injini, njoo ututazamie." Ni kweli kwamba shahada yangu ya udaktari inahusu mwako wa mafuta ndani ya silinda. Nilikwenda. Gari lilikuwa jeupe, safi, lenye mkonga wa kuvutia hewa juu ya paa. Liliwaka mara moja. Moshi haukuonekana. Kipimo kilisoma kilomita 140,000 tu. Nikasema linafaa.

Baada ya miezi mitano gari lilikuwa likinywa lita nzima ya oili kwa kila safari ya kwenda Korogwe na kurudi, na asubuhi halikuwaka bila kusukumwa na vijana wa kijiji. Injini ilipofunguliwa, kuta za silinda zilionekana zimekwaruzwa toka juu hadi chini, na ringi za pistoni zilikuwa nyembamba kama wembe. Nilikuwa nimeichunguza injini ile kwa macho ya mtu wa mwako, nikasahau kuuliza imekuwa ikivuta hewa gani.

Tukianzie kile kipimo cha kilomita, kwa kuwa ndicho kinachowadanganya wengi. Tuache kwamba kinaweza kurudishwa nyuma, na kwamba Land Rover nyingi za zamani husoma maili. Hata kikiwa kinasema kweli, kinahesabu mizunguko ya magurudumu, wala si ya injini. Chukua gari liendalo kilomita 80 kwa saa katika lami ya Segera, injini ikizunguka mara 2,500 kwa dakika. Kilomita moja huchukua robo tatu ya dakika, yaani mizunguko 1,875. Sasa chukua gari hilo hilo likijikokota katika njia ya kijijini kwa kilomita 15 kwa saa, gia ya chini, mizunguko 2,000 kwa dakika. Kilomita moja huchukua dakika 4, yaani mizunguko 8,000. Kilomita ya porini, kwa upande wa injini, ni zaidi ya kilomita nne za lami. Kwa hiyo swali la kumuuliza mwenye gari si "limekwenda kilomita ngapi?" bali "limekwenda wapi?" Gari la mradi lililouzwa mnadani baada ya kuzunguka vijijini miaka kumi laweza kuwa na kilomita chache na injini iliyozeeka sana.

Linalofuata ni vumbi. Barabara ya Korogwe hadi Handeni siku hizi ni ya lami, lakini aiachaye na kuingia vijijini wakati wa kiangazi atakutana na ule udongo mwekundu unaoganda hata kwenye kope. Ndani ya udongo huo mna chembe za kwatzi, madini yale yale ya mchanga. Katika kipimo cha ugumu kilichobuniwa na Friedrich Mohs mwaka 1812, kwatzi ina ugumu wa 7, na chuma cha kawaida kati ya 4 na 5. Maana yake ni kwamba chembe ya vumbi inaweza kukichora chuma, na chuma hakiwezi kuichora chembe hiyo. Zilizo hatari zaidi si zile kubwa tuzionazo kwa macho, bali zile za mikroni 5 hadi 20, ambazo unene wake unakaribiana na ule wa utando wa oili ulio kati ya ringi na ukuta wa silinda. Unywele wa mtu una unene wa mikroni 70 hivi.

Ni vumbi kiasi gani? Tufanye hesabu pamoja. Injini ya 1HZ, ambayo Toyota ilianza kuitia katika Land Cruiser mwaka 1990 na ambayo imeenea sana nchini mwetu, ina silinda 6, kila moja yenye kipenyo cha milimita 94 na mwendo wa pistoni wa milimita 100. Ujazo wa silinda moja ni sentimita 694 za ujazo, na silinda zote sita ni karibu lita 4.2. Injini ya mipigo minne huvuta ujazo huo mara moja kwa kila mizunguko miwili. Kwa mizunguko 2,000 kwa dakika, huvuta lita 4,160 hivi kila dakika, au mita 250 za ujazo kwa saa. Tupunguze kidogo, maana silinda haijai kabisa, tuseme mita 200. Chumba cha darasa chenye urefu wa mita 9, upana wa 7 na kimo cha 3 kina mita 189 za ujazo. Basi injini hiyo inavuta hewa yote ya darasa lako kila saa moja. Tuchukulie kwamba kila mita ya ujazo ina nusu gramu ya vumbi, kama ilivyo nyuma ya lori njia ikiwa kavu. Hiyo ni gramu 100 kwa saa. Chujio la hewa likipitisha sehemu moja tu kwa mia, gramu moja ya kitu kigumu kuliko chuma inaingia katika silinda kila saa.

Ndiyo maana ya mkonga. Wengi hudhani umewekwa kwa ajili ya kuvuka mito tu, kumbe kazi yake ya kila siku ni kuchota hewa juu zaidi, ambako vumbi ni haba. Lakini mkonga hauchuji kitu. Kinachochuja ni chujio, lile mafundi waliitalo filta, na hapa pana desturi mbaya: kulipuliza kwa upepo wa kompresa mara kwa mara mpaka karatasi yake inatoboka matundu yasiyoonekana. Kadhalika mpira unaotoka kwenye chujio kwenda kwenye injini hupasuka kwa uzee. Ufa ulio kabla ya chujio hauna madhara makubwa kwa vumbi. Ufa ulio baada ya chujio ni kifo. Gari letu lilikuwa na ufa wa namna hiyo, urefu wa kidole, upande wa chini usiotazamwa. Anayenunua gari na aufungue mpira huo, apitishe ndani yake kitambaa cheupe. Kitambaa kikitoka na wekundu, asiendelee na mazungumzo ya bei.

Sasa tuje kwenye kuwasha. Injini ya dizeli haina cheche. Tangu ile ya Rudolf Diesel iliyojaribiwa kule Augsburg, Ujerumani, mwaka 1897, inategemea kanuni moja: hewa ikigandamizwa ghafla hupata joto. Mwanafunzi anayetia upepo baiskeli hulihisi joto hilo kwenye pampu. Hewa yenye sentigredi 30 ikigandamizwa mara 22, kwa hesabu ya darasani isiyopoteza joto, ingefika sentigredi 770 hivi. Katika injini halisi joto jingi huibwa na kuta za silinda, lakini hubaki la kutosha kuiwasha dizeli, ambayo huweza kujiwasha kuanzia sentigredi 210 hadi 250 hivi.

Ringi zikilika, hewa huvuja. Na hapa ndipo siri ilipo. Stata huizungusha injini polepole, tuseme mizunguko 200 kwa dakika, na kila mgandamizo huchukua sehemu 15 kwa mia za sekunde. Injini iendayo mizunguko 2,000 hugandamiza kwa muda ulio sehemu moja tu ya kumi ya huo. Hewa ina nafasi mara kumi zaidi ya kutoroka wakati wa kuwasha kuliko wakati wa kwenda. Kwa sababu hiyo injini iliyochoka huweza kuvuta vizuri barabarani, ilhali kuwaka asubuhi ni mapambano. Muuzaji mjanja hulijua hilo bila fizikia: huwasha gari kabla hujafika, akalipasha moto, na huenda akaitia oili nzito ili izibe nafasi za ringi. Siku ile mimi nilisalimiana na watu, nikanywa chai, kisha nikafungua boneti. Laiti ningeweka kiganja juu ya injini kwanza.

Mambo ya moshi yanajulikana na wengi, nami nitayapita haraka. Mweusi ni dizeli isiyoungua yote: chujio limeziba, nozeli mbovu au pampu imefunguliwa mno, mara nyingi hutengenezeka. Wa buluu ni oili inayoungua, na hiyo ni habari ya ringi au valvu. Mweupe wakati wa baridi ni dizeli isiyowaka, nao hutoweka mara. Usipotoweka huku maji ya rejeta yakipungua, gasketi ya silinda hedi imekwenda. Ukifungua kifuniko cha oili ukakuta rangi ya chai ya maziwa, jibu ni lile lile.

Injini ikiwa inaunguruma taratibu, fungua kifuniko hicho cha oili ukiweke kinywani pa tundu bila kukikaza. Gesi inayopenya kando ya pistoni hutokea hapo. Kikicheza kidogo, si neno. Kikirushwa, au moshi ukitoka kwa mapigo kama mtu anayetweta, ringi zimekwisha.

Mwenye nafasi na alipeleke gari Mombo, apande nalo mlima kuelekea Soni na Lushoto. Ni mwendo usiofika kilomita 40 lakini hupanda takriban mita 1,000, na sijui maabara iliyo bora kuliko hiyo katika wilaya zile. Mshale wa joto na usimame mahali pake. Mshindo mzito wa chini, usikikao injini inapobeba mzigo na kupotea inapoachiwa, hutoka katika beringi za mhimili mkuu.

Kipimo kilicho bora kuliko vyote ni cha kanieneo ya mgandamizo, silinda moja baada ya nyingine, kwa geji. Si namba yenyewe tu inayosema, bali tofauti kati ya silinda na silinda. Hapa niwaonye mafundi wachanga. Katika injini ya petroli huwa tunamimina kijiko cha oili ndani ya silinda iliyo dhaifu. Kanieneo ikipanda, ringi ndizo mbovu. Usilete mbinu hiyo katika dizeli. Silinda yetu ya sentimita 694, ikigandamiza mara 22, hubakiwa na nafasi ya sentimita 33 tu za ujazo. Kijiko cha oili chenye sentimita 10 au 15 hujaza theluthi ya nafasi hiyo au zaidi, na kanieneo itapanda hata kama ringi ni nzima. Ukizidisha, pistoni itagonga kimiminika kisichogandamizika na kitakachopinda ni chuma.

Kikundi cha shemeji kilikaa misimu mitatu kabla ya kupata fedha nyingine. Safari ya pili tulikwenda na mzee mmoja aliyestaafu ufundi katika mashamba ya mkonge ya Korogwe. Hakuna aliyemwita daktari. Aliomba gari lilale bila kuguswa, ufunguo ukiwa mfukoni mwake, naye mwenye gari akakubali. Asubuhi liliwaka kwa mzunguko wa pili, moshi mweupe kidogo, ukaisha. Leso yake ilitoka mpirani ikiwa nyeupe. Geji ilisoma 29 au 30, kwa kilo kwa sentimita ya mraba, katika silinda tano, na 23 katika ya nne. Kifuniko cha oili kilicheza kidogo tu, kwa hiyo mzee akasema kasoro iko juu, kwenye valvu, si kwenye ringi. Tulibishana hadi saa sita mchana. Bei ikapunguzwa kwa gharama ya kufungua silinda hedi.

Ilipofunguliwa, valvu moja ya kutolea moshi ilikuwa imeungua ukingoni, na kuta zote sita bado zilionyesha mistari ya mshazari iliyochongwa kiwandani. Chujio la hewa sasa hubadilishwa, halipulizwi tena, na shemeji huandika tarehe yake katika daftari lile lile la michango ya mahindi.