Kilo Nne za Kijana wa Ngao



Mwaka uliopita, katika mwezi wa Shaabani, nilipanda basi la asubuhi kutoka Malindi kwenda Ngao kumjulia hali mama yangu mzazi kabla ya Ramadhani kuingia. Aliyenipokea mlangoni alikuwa mwana wa dada yangu, kijana wa miaka 19, nami kwa muda sikumtambua. Nilimwacha mwembamba kama upondo wa mtumbwi. Sasa uso wake ulikuwa wa mviringo kama sahani, mashavu yamejaa, shingo imefutuka.

“Shikamoo, mama mdogo.”

“Marahaba, mwanangu. Umekuwaje hivi?”

“Nimejenga mwili,” akajibu, na furaha yake ilikuwa ya kweli.

Jioni nilimwona pamoja na wenzake chini ya mwembe, wakinyanyua vyuma vyao: bomba la chuma lililotiwa makopo mawili ya saruji kila upande. Wenzake walinyanyua wakicheka. Yeye alinyanyua mara mbili tu, mapaja yakaanza kumtetemeka, akaketi kwenye kigoda. Alipotaka kusimama tena, hakuweza mpaka aliposhika shina la mwembe kwa mikono miwili. Mimi si tabibu, lakini nimelea. Kijana aliyeongezeka kilo tano katika miezi miwili na asiweze kuinuka kigodani hakujenga mwili. Kuna jambo jingine lililomjenga.

Usiku, baada ya Isha, alinieleza yote. Alitaka kujiunga na Jeshi la Ulinzi la Kenya. Masharti ya usajili humtaka mwanamume asipungue kilo 54.55 na mwanamke kilo 50, na urefu usiwe chini ya mita 1.60. Urefu alikuwa nao. Mizani ya duka ilimwambia kilo 50 na nusu. Kwa hiyo kati yake na ajira, kwa hesabu yake, palikuwa na kilo nne. Alianza kwa kuagiza mkebe wa unga wa protini kutoka Mombasa, akalipa shilingi 6,000 alizozipata kwa vibarua vya shambani. Ulipokwisha bila ya mizani kusogea sana, mtu mmoja akampa vidonge vya aina mbili, akamwambia ni “vitamini za kunenepa”.

Alhamdulillah, alikuwa amezihifadhi zile karatasi za fedha zilizofungia vidonge, na majina yalisomeka. Asubuhi tukaenda naye kwa daktari. Kimoja kilikuwa saiproheptadini, dawa ya mzio ambayo huamsha hamu ya kula na kuleta usingizi. Cha pili kilikuwa deksamethasoni, nacho ndicho kilichomfanya daktari avue miwani. Sukari ya kijana ilikuwa imepanda, na shinikizo la damu vilevile.

Naomba tusimame hapa kidogo, kwa sababu najua vidonge hivi vimo katika mikoba ya wasichana wetu pia, wale wanaotaka kujaza mwili kabla ya harusi. Deksamethasoni ni dawa yenye heshima yake. Hutumiwa kwa pumu kali, kwa uvimbe wa ubongo, kwa wagonjwa mahututi. Lakini anayeimeza bila ugonjwa, mwili wake huzuia maji na chumvi, mafuta hukusanyika usoni, shingoni na tumboni, na wakati huohuo dawa hiyo huvunjavunja misuli, hasa ya mapaja na mabega. Mizani hupanda na nguvu hushuka. Mwenye kuitazama mizani peke yake hudhani amefaulu. Zaidi ya hayo, kinga hupungua, mifupa hudhoofika, na zile tezi ndogo zilizo juu ya figo, ambazo hutengeneza homoni ya namna hiyo kwa kiasi anachokihitaji mtu, huona kazi yao imechukuliwa na mwingine zikalala. Kwa hiyo aliyekwisha kuitumia kwa majuma mengi asiiache ghafla kwa hofu baada ya kusoma makala haya: anaweza kuzirai, na hata kufa. Aende kwa daktari apunguziwe kidogo kidogo. Kijana wetu alipunguziwa hivyo, na dada yangu ndiye aliyeshika vidonge na kumpa kimoja kimoja kama mtoto mdogo.

Sasa turudi kwenye swali lake, maana lilikuwa swali la haki: mtu mwembamba ajenge misuli kwa nini?

Misuli hujengwa kwa mambo matatu, na yote matatu lazima yawepo. La kwanza ni mzigo: msuli uliofanyizwa kazi nzito kuliko ilivyozoea hupata sababu ya kukua. La pili ni chakula cha kutosha, maana mwili usioshiba huiteketeza hata protini uliyoipa na kuifanya kuni. La tatu ni usingizi, kwa sababu matengenezo hufanyika mtu akiwa amepumzika. Vijana wetu wengi wana la kwanza tele. Anayelima mpunga, kukata migomba na kupiga upondo mtoni hakukosa mazoezi. Aghalabu amekosa sahani ya pili.

Kuhusu protini, mtu mzima asiye na kazi ngumu hutosheka na gramu 0.8 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Anayenyanyua vyuma hufaidika hadi kama gramu 1.6 kwa kilo. Zaidi ya hapo tafiti hazikuona ongezeko kubwa la misuli. Kwa kijana wa kilo 50 na nusu hiyo ni kama gramu 81. Nilikaa na dada yangu jikoni, tukahesabu kwa vyakula vinavyopatikana Ngao na Garsen, bila kuagiza kitu Mombasa. Kikombe cha mbaazi zilizopikwa kina gramu kama 11, na mayai mawili 12. Kikombe cha maziwa 8, na maziwa ya Waorma wanaoyaleta sokoni hayahitaji sifa kutoka kwangu. Hapo ni kifungua kinywa, na bado sijahesabu mahamri. Mchana, wali na kipande cha kambare cha gramu 150: gramu 27 nyingine. Jioni, kikombe cha pojo gramu 14, na maziwa lala kikombe kimoja gramu 8. Gao la njugu kati ya mlo na mlo ni gramu 7. Jumla ni 87, tena wali wenyewe haumo katika hesabu.

Wapo watakaosema kwamba protini ya nafaka na kunde si kamili. Ni kweli kila moja ina upungufu wake. Lakini wali una kile ambacho pojo zimepungukiwa, na pojo zina kile ambacho wali umepungukiwa. Nyanya zetu walivikutanisha sahani moja bila kuambiwa na mtu. Nazi huongeza mafuta na kalori, na kwa mtu mwembamba hiyo ni faida (kwa mwenye kisukari au uzito mkubwa hesabu ni nyingine).

Najua pia kwamba si kila nyumba ina samaki na maziwa kila siku. Ukame wa miaka ya 2020 hadi 2023 uliua ng'ombe wengi katika kaunti yetu, kisha mafuriko yakaja yakachukua mashamba. Katika nyumba iliyobana, nguvu ziwekwe kwenye kunde, pojo na dagaa wakavu. Dagaa wa kukauka ni protini karibu nusu ya uzito wao, na wachache waliotwangwa na kutiwa katika mchuzi wa mtoto wala hawaonekani.

Ule unga wa mkebe je? Haukuwa sumu. Unga wa namna ile hutengenezwa kwa maji yanayobaki maziwa yakigandishwa kuwa jibini. Ni maziwa yaliyokaushwa na kuchujwa, basi. Humfaa mtu asiye na nafasi ya kupika. Lakini mkebe wa kijana wetu wa gramu 900 ulikuwa na vijiko 30, kila kijiko gramu 24 za protini: jumla gramu 720. Siku ile trei ya mayai 30 iliuzwa Garsen shilingi 450. Fedha zake zingenunua trei 13, yaani mayai 390, yenye protini zaidi ya gramu 2,300. Nilipomwonyesha hesabu hiyo alinyamaza kwa muda mrefu.

Kiongezi kimoja kilichofanyiwa utafiti wa miaka mingi na kuthibitika kuongeza nguvu kidogo ni kriatini, gramu 3 hadi 5 kwa siku, kwa mtu mzima mwenye afya anayefanya mazoezi. Hata hiyo imo katika nyama na samaki, na mwenye maradhi ya figo asiiguse bila daktari. Vingine vingi vinavyotangazwa ni rangi ya mkebe tu.

Kisha lipo suala letu sisi Waislamu. Kapsuli nyingi hutengenezwa kwa jelatini, na jelatini hutokana na ngozi na mifupa ya nguruwe au ya ng'ombe. Karatasi ya nje mara nyingi haisemi ni ya mnyama yupi. Jibini nayo huweza kugandishwa kwa kimeng'enya cha tumbo la ndama ambaye hatujui alichinjwa vipi, ingawa siku hizi viwanda vingi hutumia kimeng'enya cha vijidudu. Wanavyuoni wamehitilafiana juu ya kitu kilichogeuka umbile lake, na mimi si wa kuwaamulia. Atakaye kutoka katika shaka aangalie alama ya halali, ikiwamo ile ya Kenya Bureau of Halal Certification, au amuulize shekhe wake kabla ya kulipa, si baada ya kumeza.

Na lipo jambo zito kuliko hilo. Maabara ya Cologne, Ujerumani, ilipima viongezi 634 vilivyonunuliwa katika nchi 13 mwaka 2000 na 2001. Vile 94, yaani karibu 15 katika kila 100, vilikuwa na homoni za steroidi zisizotajwa popote katika maelezo yake. Mkenya mwenzetu, mwanariadha Mark Otieno, aliondolewa katika Olimpiki ya Tokyo Julai 2021, siku aliyotarajiwa kukimbia mita 100, baada ya sampuli yake kukutwa na methasteroni, steroidi ya kujenga misuli. Steroidi za aina hii hakika hujenga msuli, tofauti na ile deksamethasoni, nazo hutoza bei yake. Mwili wa mwanamume huacha kutengeneza testosteroni yake, korodani hunywea, mbegu hupungua hata akakosa mtoto, matiti hukua, ini na moyo huumia. Mwanamke huota ndevu na sauti humwota nzito, na sauti hiyo inaweza isirudi tena. Mama anayemwona mwanawe akijidunga sindano paja “ya vitamini” aulize jina la vitamini hiyo, asione haya.

Ramadhani ilipoingia, kijana alidhani mambo yatasimama. Hayakusimama. Alipumzisha vyuma juma la kwanza, kisha akawa anavinyanyua baada ya tarawehe, mara tatu kwa wiki. Dada yangu aligawa chakula chake mara tatu: futari, baada ya tarawehe, na daku. Kwenye daku ndiko alikotia mayai na maziwa lala, badala ya chai na mkate mkavu wa siku zote.

Nilipokuwa nikihesabu gramu hizo, mama yangu alikuwa ameketi kwenye mkeka akisikiliza. Alipotaka kuinuka aliweka viganja viwili magotini, akasema Bismillah, akajaribu mara mbili kabla ya kusimama. Hapo nikaona kwamba sote tulikuwa tunamtazama mtu mmoja katika nyumba yenye watu wawili wenye haja. Tangu miaka ya thelathini na kitu mtu hupoteza misuli, asilimia 3 hadi 8 kila miaka kumi, na baada ya 60 kasi huzidi. Mzee huhitaji protini zaidi kuliko kijana asiyefanya kazi nzito: gramu 1 hadi 1.2 kwa kilo, maadamu figo zake ni nzima. Mama yangu ana kilo 48, na kwa miaka mingi chakula chake kimekuwa chai ya maziwa kidogo na mkate, huku kipande chake cha samaki akikisogeza kwenye sahani ya mjukuu. Sisi tulikuwa tukiliita hilo pendo, na ni pendo kweli. Lakini magoti yake yalikuwa yakililipia.

Sasa huinuka na kuketi kitini mara kumi asubuhi na mara kumi jioni, akishika meza mwanzoni, na samaki wake hula yeye mwenyewe, dada yangu akiwa amesimama hapo.

Kijana, maji ya vile vidonge yalipomtoka, alirudi kilo 51. Sukari na shinikizo vilishuka baada ya miezi michache. Mwezi uliopita, baada ya miezi tisa ya mbaazi, kambare na makopo ya saruji, mizani ilisoma 55 na nusu, na kigodani huinuka mikono ikiwa kifuani. Anasubiri usajili utangazwe. Nyanya yake yai amelikataa kabisa, anasema lanuka; pojo anakula.